Dirisha la Chumba cha Pasi

Watu walimwita Mstari, na si kwa wembamba, maana hakuwa mwembamba. Walimwita hivyo kwa ajili ya suruali alizozipiga pasi. Ule mstari wa mbele ulishuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo bila kuyumba, ukakaa nao kitini kutwa nzima, ukisimama uko palepale. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo, na miaka yote hiyo mkewe alisimama upande wa pili wa meza ileile, yeye na mashuka na sare za shule, mume na suruali na mashati. Watu walipita na kusema hawa wawili wameoana mara mbili, nyumbani na kazini. Mke alikuwa akijibu kwamba ndoa ya kazini ndiyo ngumu, ya nyumbani mtu unaweza kulala ukaisahau.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele ya nyumba yao, kidogo, mlango mmoja wa kuingilia ndani na dirisha moja la mbao linalotazama barabara. Nguo zilipokewa na kurudishwa kwa dirisha hilo. Pasi zao zilikuwa tatu, za mkaa, nzito, zile zenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Ya umeme walikuwa nayo pia, zawadi ya binti yao aliyeolewa mbali, ila ilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake. Mstari alisema pasi ya umeme inaibembeleza nguo badala ya kuiambia ukweli. Ndivyo alivyo, usimbishie mtu na kazi yake.

Na alivuta. Alivuta tangu kabla hajaoa, pakiti nzima na ya pili ikaguswa kila siku, mkono mmoja kwenye pasi na sigara pembeni mwa mdomo. Hajawahi kuangushia jivu nguo ya mtu. Hilo nalo alijivunia, utadhani kuna mahali wanatoa zawadi kwa mambo kama hayo.

Mguu ulianza kwa ganzi. Vidole vya kushoto viligoma kuhisi baridi ya sakafu asubuhi. Kisha akawa akitembea hatua hamsini anasimama, anajifanya anatazama kitu dukani, mpaka maumivu ya shavu la mguu yapoe. Mkewe aliona. Aliona pia kidonda cha kidole gumba, kidogo kama punje ya mahindi, kilichokataa kupona mwezi wa kwanza na wa pili, na wa tatu pembeni yake pakaanza kuwa peusi. Ndipo akamburuta hospitali.

Daktari wa mishipa alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alifika pale mara moja kila baada ya miezi mitatu, akapasua watu wake kwa wiki moja, akaenda zake. Hakuwa na maneno mengi.

"Mshipa umeziba hapa pajani," alisema. "Naweza kuunga mwingine damu ipite pembeni, na mguu ukabaki. Lakini sipasui mguu wa mtu anayevuta. Nikiunga nawe unavuta, utaziba tena, na hapo sitakuwa na la kufanya ila kukata. Nakuja tena baada ya wiki kumi na mbili. Ukiwa umeacha, jina lako lipo. Hukuacha, nampa mwingine."

Sista wa kliniki ya vidonda ndiye aliyepewa kazi ya kumwangalia. Alikuwa na kimashine cha mkononi, mtu anapuliza kwa mrija wa karatasi namba inatokea. Alimpa Mstari maboksi ya plasta za kubandika mkononi, akakaa naye kumweleza. Mke hakuyasikia maelezo hayo. Alikuwa kwenye foleni ya dawa za kidonda. Aliporudi akauliza, "Amesemaje?" Mumewe akajibu, "Amesema zitanisaidia." Huyo ndiye Mstari. Maelezo ya nusu saa alikuletea kwa maneno mawili.

Akaacha. Mke alihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango. Kila asubuhi mume alibandua plasta ya jana na kubandika mpya, akaikanda kwa kiganja, akashika pasi. Alikuwa na hasira za hapa na pale, lakini mkono haukutetemeka.

Tatizo likawa dirisha. Ng'ambo yake kulikuwa na kibanda cha sigara na vocha, na wanunuzi walipenda kuegemea ukuta wa Mstari wakivuta na kupiga soga. Moshi wao uliingia ndani moja kwa moja. Siku ya tano ya kuacha, mke alimkuta mumewe ameisimamisha pasi hewani, pua juu, macho kafumba, anavuta hewa ya watu. Alilifunga dirisha, akatia komeo, na tangu siku hiyo nguo zikawa zinapokelewa kwa mlango wa uani. Alijiona amefanya jambo la akili.

Chumbani joto likazidi. Kila ikifika saa nne asubuhi mke kichwa kilimuuma, akameza vidonge viwili na kusema ni mawazo. Mstari naye kichwa kilimuuma, na kichefuchefu juu. Wakakubaliana kwamba hiyo ni sigara inadai haki yake. Watu wazima wawili, wamekaa na majiko ya makaa matatu ndani ya sanduku, wanalaumu sigara ambayo haipo.

Wiki ya nane wakaitwa kupima. Siku hiyo waliamka alfajiri, maana nyumba ya wageni ilikuwa inasubiri mashuka arobaini, na hawakutaka kumwangusha mteja. Walipiga pasi mpaka shuka la mwisho, wakanawa, wakaenda.

Mstari akapuliza. Sista akatazama, akampa mrija mwingine, akamwambia apulize tena. Kumi na nne.

Ukutani kulikuwa na karatasi yenye rangi. Chini ya saba kijani, hajavuta. Juu ya kumi nyekundu, amevuta.

"Baba," sista akasema kwa upole, "ilikuwa jana au leo?"

"Sijavuta, sista."

"Sikugombezi. Wengi wanateleza. Niambie tu."

"Sijavuta."

"Mashine haina chuki na mtu, baba."

Mstari akamgeukia mkewe, akamtazama kama mtu anayemwita shahidi. Mke akatazama ile karatasi ya rangi. Hilo ndilo alilofanya, na baadaye alilikumbuka kuliko yote, kwamba alitazama karatasi.

Sista akasema atampa wiki mbili zaidi kabla ya kumwandikia daktari. Wakatoka. Njiani mke alitembea mbele, na kila baada ya hatua hamsini alisimama kumngoja bila kugeuka. Alitaka kukasirika akakuta hasira haipo. Ilikuwa kama fizi baada ya kung'olewa jino, dawa haijaisha, unaigusa kwa ulimi unajua pana shimo, basi. Nyumbani alikoleza makaa, akachukua sare, akaendelea na kazi.

Siku tatu hawakuzungumza ila mambo ya nguo. Hii ni ya nani, ile inahitajika lini. Mke hakulala. Alijinyoosha kitandani, akatazama dari mpaka kukapambazuka, akaamka. Chakula alikigusa akakiacha. Mumewe alikuwa akimwona, kwa sababu ukisimama na mtu meza moja miaka ishirini na sita unaona hata akibadili mkono wa kushikia pasi.

Siku ya nne, saa nane mchana, Mstari akaweka pasi yake kwenye kigae.

"Nilivuta," akasema.

Mke hakuinua macho. "Lini?"

"Jumatatu. Moja tu."

"Ulipata wapi?"

"Hapo dirishani. Ulipokwenda kuanika. Nilifungua, nikamwita wa kibandani, nikafunga."

Mke aliketi juu ya rundo la mashuka safi, kitu ambacho hajawahi kufanya. Alingoja kuumia, na kilichokuja badala yake kikawa njaa. Akaenda jikoni akala kiporo chote kwa sufuria, amesimama. Akarudi akamwambia, "Nimekusamehe. Mimi nilichokuwa siwezi ni ule uongo." Mstari akaitikia kwa kichwa. Saa tisa mke akapanda kitandani.

Kesho yake aliamka mtu mwenye mipango. Kwanza dirisha. Kama komeo linafunguka, basi misumari. Alipigilia minne, mirefu, na mumewe ndiye aliyekuwa akimpa mmojammoja kutoka kiganjani. Kisha akazishika zile plasta. Hakuwahi kusoma boksi. Siku hiyo alisoma, akakuta neno nikotini, na miligramu zake mbele. Akachomoa pakiti tupu ya sigara iliyokuwa imezibia ufa wa kabati. Nikotini.

"Kwa hiyo hii ni sigara ya kubandika," akasema.

"Sista alisema si sawa na moshi."

"Sista alisema, na wewe ulikuwa umebandika, na ulivuta. Sasa imekuzuia nini? Hii ndiyo inayokutamanisha. Tena huenda ndiyo iliyokukamatisha kwenye mashine."

Mstari alifungua mdomo. Lililotakiwa kusemwa lilikuwa moja tu, na alikuwa ameshalifungia njia mwenyewe jana saa nane mchana. Akaufunga mdomo. Akapandisha mkono wa shati, akabandua plasta, na pale ilipokuwa pakabaki mraba wa ngozi laini. Mke akaweka maboksi yote chini ya kabati, nyuma ya gunia la mkaa. Hakuyatupa. Hajawahi kutupa kitu cha hospitali.

Siku ya tatu mkono ukaanza kutetemeka. Siku ya sita Mstari aliunguza shati jeupe la mteja, alama ya pasi nzima mgongoni, tangu azaliwe hajawahi. Alilitazama lile shati kama vile limeletwa na mtu mwingine. Siku ya tisa alisema anakwenda kununua vifungo, akachechemea, akarudi baada ya saa nzima bila vifungo, ananuka. Mke aliinusa ile harufu akaendelea kukunja soksi. Aliona kwamba sasa hajali, na hilo likampa hofu kidogo, hofu yenyewe ikapita.

Kwenye kipimo cha pili Mstari hakungoja kuulizwa.

"Leo nimevuta, sista. Na jana. Usipoteze mrija wako."

Alipuliza hata hivyo. Ishirini na saba. Daktari wa mishipa alifika, akapasua watu wake kwa wiki moja, akaenda zake, na jina la Mstari halikuwemo. Kidole gumba kikawa cheusi chote, kikafuata cha pili, kisha weusi ukapanda unyayoni. Mwezi uliofuata daktari wa zamu aliukata mguu chini ya goti. Mke alitia sahihi fomu kwa kalamu iliyokuwa inakwama wino, na alichokikumbuka siku ile ni kalamu.

Mstari alirudi nyumbani na magongo mawili na sigara zake. Kusimama mezani hakuweza tena. Akawekewa kiti chumba cha ndani, akawa anashona vifungo na kukagua kola, na mke akabaki peke yake na pasi tatu ndani ya chumba chenye misumari. Wateja walisema suruali si zile. Alijua.

Wiki ya tano ya kusafisha jeraha, Mstari alikuwa kitandani kwenye chumba cha bandeji, na sista akamwita mke ofisini kwake. Alikuwa na boksi la plasta mkononi.

"Mama, mguu wa kulia bado upo. Nataka baba aanze hizi tena."

"Hizo zina nikotini," mke akasema. "Nilisoma. Nilimtoa ile mara ya kwanza."

"Ulimtoa?" Sista aliweka boksi mezani. "Lini?"

"Alipokiri kwamba amevuta."

Sista akavuta kiti, akaketi. "Sikiliza, mama. Nikotini si maji ya kunywa. Inamshika mtu asiache, inapandisha mapigo ya moyo, mtoto haguswi nayo wala mjamzito haanzi nayo bila kuuliza. Lakini iliyoziba mshipa wa baba zaidi ni ile ya kuungua. Ukichoma jani lile unapata lami, unapata gesi inayokaa kwenye damu mahali pa hewa safi, unapata sumu chungu nzima. Plasta haiungui. Inamtuliza mtu asirudi kwenye moto. Na hiki kimashine hakipimi nikotini hata kidogo. Kinapima ile gesi ya kitu kinachoungua. Baba angebandika plasta kumi, mashine isingemwona. Hebu puliza nikuonyeshe. Wewe huvuti, utaona sifuri, au mbili."

Mke akapuliza, kwa heshima tu.

Sista akatazama. Akabadili mrija. "Vuta pumzi, shikilia, haya, taratibu." Akatazama tena.

"Mama, unavuta?"

"Mimi?"

"Kumi na tano."

Mke aliangalia karatasi ya ukutani. Rangi zilikuwa zilezile.

"Asubuhi umefanya nini kabla ya kuja hapa?" sista akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimepiga pasi."

"Ya umeme?"

"Ya mkaa. Tatu."

"Na hewa? Dirisha?"

Mke akatikisa kichwa. Sista akakizungusha kile kimashine mkononi mara mbili, tatu. "Siku ile ya kwanza," akasema, "sikuwauliza mnafanya kazi gani. Ilitakiwa niulize. Ipo kwenye fomu, mstari wa tatu. Sikuuliza."

Mke alimshukuru, akachukua boksi la plasta, akaenda kumchukua mumewe. Alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali mpaka getini, akamsaidia kushuka. Njiani alifikiri kwamba anaweza asimwambie kabisa. Mume alikuwa amekwishasamehewa, mambo yamekaa, nani angejua. Alilifikiria hilo kwa utulivu kabisa, kama anavyofikiria aanze na nguo gani.

Nyumbani alimketisha, akaingia chumba cha pasi na nyundo. Makaa ya asubuhi yalikuwa bado yanafuka ndani ya pasi moja. Akatia makucha ya nyundo chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akavuta. Mstari akaja kwa magongo yake mpaka mlangoni, akaegemea.

"Mbona unang'oa? Mimi na mguu mmoja nitamkimbilia nani wa kibandani?"

Msumari wa pili ulitoka na kipande cha mbao.

"Sista amenipulizisha," mke akasema akiwa amempa mgongo. "Amepata kumi na tano. Ni pasi. Ni mkaa, na hili dirisha. Mashine haijui sigara, inajua kuungua tu."

Nje watu wa kibandani walikuwa wanacheka jambo lao.

"Ile yangu ya kwanza ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

"Basi umenizidi moja."

Mke akageuka. Alitaka amkute amekasirika, alihitaji amkute amekasirika. Mume alikuwa anaitazama ile pasi ya umeme juu ya kabati, ndani ya boksi lake.

"Hukuwa umevuta," mke akasema.

"Si nilikwambia. Hata sista nilimwambia."

"Kisha ukaniambia umevuta. Ukanitajia na siku. Ukanitajia dirisha. Kwa nini?"

Mstari alihamisha uzito kutoka gongo moja kwenda jingine. Alijibu bila lawama, kwa sauti ileile ya kusema shati hili ni la nani.

"Ulikuwa hulali. Siku ya nne ile, umesimama hapo, unasinzia na pasi mkononi. Nikasema basi, angalau mmoja wetu alale."

Na kweli alikuwa amelala siku ile. Mke alikumbuka vizuri. Alipanda kitandani saa tisa, akavuta shuka, na alilala mpaka jua likazama, usingizi mzuri, mzito, hata ndoto hakuota.